Sindano Namba Kumi na Nane

Barua ya kwanza ya mdogo wangu kutoka kambini ilifika ikiwa na mistari miwili iliyofutwa kwa wino mweusi, na chini kabisa swali ambalo sote hatukujua tulifanye nini.

Niliisoma kwa sauti, maana ndivyo Mama alivyotaka. Si kwamba hajui kusoma. Mikono yake ilikuwa na kazi, na yeye husema masikio hayashoni. Nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja wa barabarani na kazi mbili ndani yake: ukiingia, kushoto Baba ananyoa, ana kiti chake cha kuzunguka na kioo kilichopasuka pembeni, kulia mimi na Mama tuna cherehani mbili na meza ya kukatia. Katikati palikuwa na ubao mwembamba ambao haukufika darini. Kilichosemwa upande mmoja kilisikika upande wa pili, hata ukinong'ona.

"Kwa wazazi wangu na Dada," nilisoma. "Shikamooni. Mimi ni mzima ila viatu. Tunaamka saa kumi na moja, tunatembea mpaka nyayo zinawaka moto. Jana tumeonyeshwa mzinga. Ni mkubwa kama..." Hapo ndipo wino mweusi ulipoanza.

"Kama nini?" Baba aliuliza kutoka ng'ambo ya ubao. Nilisikia mkasi wake umesimama.

"Wamefuta, Baba."

"Basi ni mkubwa kweli," alisema, na nikajua anamwambia mteja wake.

Nikaendelea. Chakula kipo, wenzake ni watu wazuri, mmoja anakoroma. Halafu: "Mama, nina swali. Uzi ukiwa unakatika kila baada ya hatua tatu nne, kosa liko wapi?"

Mama aliacha kukanyaga pedali. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

"Hiyo ni lugha ya kijeshi," Baba alisema. "Uzi ni ule mstari wa mbele. Anatuambia vita ni vigumu, lakini kwa mafumbo."

"Uzi ni uzi," Mama alisema. "Chukua kalamu. Mwandikie atazame kama sindano imepinda. Kama haikupinda, atazame kama ameiweka mgongo mbele. Kama iko sawa, alegeze skrubu ya juu kidogo, nusu mzunguko, asizidishe."

Niliandika vilevile. Lakini nilikuwa na maswali yangu, maana mdogo wangu na cherehani walikuwa hawapatani. Alikulia chini ya meza ya kukatia, akichezea vifungo, mpaka siku moja akiwa na miaka kumi na miwili wenzake shuleni walipomwita Bi Sindano. Tangu siku hiyo hakugusa hata kibanio cha nguo. Alirefuka mno hata mtaa mzima ukamwita Mlingoti, na vita vilipoingia mwaka wa pili na vijana wa umri wake wakaitwa, karani aliyemwandikisha alimtazama juu mpaka chini akasema warefu wanapelekwa kwenye mizinga. Baba alikuwepo. Alirudi nyumbani amejaa fahari, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyenyolewa kwake bila kusikia habari za mizinga.

"Mizinga gani, ya nyuki?" mwoka mikate wa jirani alimuuliza mara ya kwanza. Baba alimnyoa kimya kimya, na upande mmoja wa kichwa ukatoka mfupi kuliko mwingine.

Barua ya pili ilisema: "Asante Mama, sindano ilikuwa mgongo mbele." Ikafuata habari ya shabaha na gwaride, ambayo Baba aliomba isomwe mara mbili. Mwisho: "Mama, turubai likikunjwa mara nne, sindano inavunjika. Leo nimevunja tano. Natakiwa kutumia namba ngapi? Na kuna namna ya kufanya uzi usikwaruzike?"

"Kumi na nane," Mama alijibu papo hapo, kana kwamba mwanawe amesimama mlangoni. "Na apitishe uzi kwenye kipande cha mshumaa." Kisha akakaa akitazama dirishani, jambo ambalo si kawaida yake mchana. "Turubai mara nne. Mtu haulizi hivyo kwa ajili ya suruali yake."

"Labda anatengeneza hema lake," nilisema.

"Hema moja, sindano tano? Huyu anashona kutwa nzima."

Siku ile aliingia uvunguni akatoa turubai kuukuu lililokuwa likifunika kuni, akalikata vipande na kuvikunja hivi na vile juu ya meza. Mkoba wa mgongoni? Mkoba hauhitaji mikunjo minne. Kifuniko cha gari? Kile hukunjwa pembeni tu. Alikuwa na uso wa mtu anayetafuta funguo zake mwenyewe.

Mimi nilishindwa kuvumilia. Nilimwandikia mdogo wangu barua ya pembeni, bila kumwambia mtu, nikamuuliza waziwazi: unashona nini huko, na kwa nini wewe? Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Ukurasa mzima ulikuwa mweusi, mstari baada ya mstari, kama barabara iliyomwagiwa lami. Mkaguzi wa barua alikuwa ameacha maneno matatu tu, mwishoni kabisa: "tafadhali usimwambie Baba."

Nilimwonyesha Mama. Alicheka mpaka akafunika mdomo kwa kitambaa alichokuwa akikishona, halafu kicheko kikamwishia ghafla. Upande wa pili wa ubao Baba alikuwa akimweleza mteja, kwa kutumia chanuo na kopo la sabuni, jinsi mzinga unavyolengwa.

Barua iliyofuata ilifika Jumanne, Baba akiwa amekwenda kunoa nyembe. Mkaguzi hakuigusa. Sijui alipitiwa, au aliona haya.

"Mama," iliandikwa, na hapakuwa na shikamoo wala habari za viatu. "Jana mshono wangu ulifumuka, mtu akaanguka. Tulikuwa kwenye mazoezi tu, ameumia mkono. Sajenti hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Niambie namna ya kushona mkanda kwenye turubai usichomoke hata ukibeba mtu wa kilo tisini, na wabebaji wanakimbia. Niambie kila kitu, kama mtu asiyejua chochote. Ukweli ni kwamba sijui chochote."

Mama alivua miwani. "Machela," alisema.

Lile turubai lote juu ya meza, vile vipande alivyovikunja wiki mbili, vikawa na maana mara moja. Vitambaa vya kubebea majeruhi. Mwanawe alikuwa akishona vitu vya kulalia watu waliopigwa risasi, naye hakujua hata sindano inatazama wapi.

Hatukushona nguo ya mteja siku mbili zile. Mama alitafuta mkanda wa begi la zamani, akaushona kwenye turubai: mraba, kisha msalaba ndani ya mraba, kona hadi kona, na mwishoni kurudi nyuma hatua tatu. Tuliufunga kwenye boriti nikakaa mimi. Ukashika. "Wewe ni mwepesi," Mama alisema. "Kamwite mwoka mikate."

Mwoka mikate alikuwa na kilo mia na ushei, na unga mpaka kwenye nyusi. Alikaa kwenye lile turubai kama anayeingia kwenye maji ya baridi. Boriti ikalia.

"Sasa rukaruka," Mama akamwambia.

"Bibi wewe, nina watoto."

"Rukaruka! Wanakimbia hao!"

Akarukaruka. Vumbi likatudondokea kutoka darini.

"Mnafanya nini huko?" Baba akapaza sauti.

"Tunapima mkanda!" tulijibu sote watatu, na ulikuwa ukweli.

Mshono haukuachia hata uzi mmoja. Mama akakata kipande chenye ule mraba kiwe mfano. Kisha akachukua utepe mrefu wa turubai, upana wa vidole viwili, akaushona mistari ya kila namna: hatua fupi, hatua ndefu, fupi mbili na ndefu moja, ili mwanawe aguse kwa kidole na kuona tofauti. Fupi mno hukata kitambaa, ndefu mno hulegea. Mimi niliandika maelezo kama alivyonitajia: sindano kumi na nane, mikunjo minne, nyuma tatu, uzi mara mbili, kilo tisini. Tukafunga kifurushi, nikakipeleka posta mwenyewe.

Ikapita wiki moja. Ikapita ya pili, na ya tatu. Hakuna barua. Mama alianza kushona vibaya. Alitia mkono wa kushoto kwenye bega la kulia la koti, kosa ambalo nilikuwa sijamwona akilifanya maishani mwangu.

Kisha gari la jeshi likasimama mlangoni, saa nne asubuhi. Akashuka luteni kijana mwenye miwani, na bahasha kubwa kwapani.

Kila mtu mtaani alijua maana ya afisa kushuka mlangoni mwa nyumba ya askari. Muuza mboga wa ng'ambo alijishika kichwa. Baba alitoka upande wake na wembe mkononi, povu linadondoka sakafuni, akasimama. Mama hakugeuka. Mguu wake uliendelea kukanyaga pedali na sindano ikaendelea kupanda na kushuka, bila kitambaa chini yake.

"Ni mzima," Luteni alisema haraka alipotuona nyuso. "Jamani, ni mzima! Samahanini. Sikuja kwa hilo."

Mama akasimamisha cherehani. Baba akakaa juu ya kiti cha wateja wetu, akiwa bado na wembe.

"Karibu, Afande," nilisema.

Luteni alifungua bahasha akatoa kile kipande chenye mraba, kisha ule utepe wa turubai, akaulaza juu ya meza kwa ncha za vidole, kama kitu kinachoweza kulipuka. "Nani ameshona hii?"

"Mimi," Mama alisema.

"Inasema nini?"

"Inasema nini? Kitambaa?"

"Mama, tafadhali." Alionyesha kwa kalamu. "Fupi, fupi, ndefu. Fupi tatu. Ndefu, fupi. Hizi ni nukta na vistari, kama zile za simu za upepo. Na kwenye barua kuna namba: kumi na nane, nne, tatu, tisini. Watu wawili ofisini kwetu wamekaa na hiki kitambaa siku nne. Mmoja anasema amesoma humo jina la daraja."

"Na wa pili?"

"Wa pili hajasoma kitu," Luteni alikiri. "Wa pili ni mimi."

Nilidhani Mama atacheka, lakini alisimama, na ingawa ni mfupi yule kijana alirudi nyuma hatua moja. "Yaani mwanangu amekaa wiki tatu bila kujua kushona mkanda, watu wanaanguka huko, kwa sababu nyinyi mnasoma pindo?"

"Amri ni kukagua kila..."

"Kaa hapa." Alimvutia kiti cha cherehani yangu. "Kaa, Afande. Nakuomba."

Akakaa. Mama akamwekea turubai chini ya sindano, akageuza kifundo cha hatua mpaka namba ya chini kabisa, akamwambia akanyage. Luteni alikanyaga. Gurudumu likaenda kinyume, uzi ukajisokota, akaomba radhi, akajaribu tena. Baada ya dakika kumi alikuwa na mstari uliopinda kama mkia wa mbuzi.

"Sasa vuta."

Alivuta. Kitambaa kikachanika kwenye matundu, kama karatasi ya stempu.

"Ndiyo hiyo fupi mno," Mama alisema. "Sasa shona ndefu."

Nilitarajia akasirike, lakini yule kijana alivua kofia akasogeza kiti. Akauliza kwa nini uzi wa chini una rangi tofauti. Akauliza msalaba ndani ya mraba unazuia nini ambacho mraba peke yake hauzuii. Mama akamjibu, sauti ikazidi kulainika, mpaka wote wawili wakainamia kile kimraba vichwa vikikaribia kugongana. Hatimaye akavuta mkanda kwa mikono yote miwili, akaweka na goti, akashindwa.

"Huu ningependa kila mtu wa karakana auone," alisema.

Ndipo Baba alipozungumza. "Karakana gani?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kijana wangu yuko kwenye mizinga."

Luteni alinitazama mimi, kisha Mama. Akafungua karatasi zake, nadhani ili asilazimike kumtazama Baba. "Karakana ya turubai, mzee. Tangu wiki ya pili."

Mteja aliyeachwa nusu ndevu alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, kitambaa kimemning'inia shingoni. Baba aliinuka, akamwashiria arudi kwenye kiti, wakaenda. Tulisikia wembe ukifanya kazi yake, na hakuna neno hata moja.

Luteni aliondoka na mifano yote miwili, akaahidi itafika kambini kesho yake. Ilifika kweli. Lakini nyumbani palikuwa kimya kwa siku nyingi. Wateja walipouliza, "Kijana wa mizinga anaendeleaje?" Baba alijibu, "Yupo." Basi. Ungemwona mtu anayependa kusema akinyoa kimya, ungedhani anaumwa jino.

Siku ya tano, duka likiwa tupu, alisema na ubao. "Ulijua?"

"Nilikisia," Mama alijibu.

"Tangu lini?"

"Tangu uzi ulipokatika."

Nilisikia akipangusa kiti chake, kisha: "Angeniambia tu."

"Ungempigia makofi? Mtu mzima wewe umebeba chanuo miezi miwili unapiga mizinga nalo."

Jioni Baba alikuja upande wetu, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akaniomba karatasi. Hakutaka nimwandikie. Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mkubwa wa bango la duka, na alipomaliza akanipa nitie kwenye bahasha bila kuifunga, kwa hiyo niliisoma. Hakuwa amemlaumu. Aliuliza mambo mawili: yule aliyeanguka ni nani, na mkono wake umepona? Na wewe ulifikaje kwenye cherehani?

Jibu liliandikwa kwa Baba peke yake, mara ya kwanza tangu aende kambini, na alilisoma mwenyewe kwanza, amesimama mbele ya kioo. Aliyeanguka ni yule anayekoroma. Mkono umepona, wamemleta karakana awe anakata mikanda, na anadai hapandi tena juu ya machela yoyote ambayo hakuikata yeye. Kuhusu cherehani: siku ya kumi ya mafunzo, baada ya matembezi ya kilomita thelathini, Sajenti aliwapanga mstari akauliza nani anajua kushona. "Nyayo zangu zilikuwa hazina ngozi, Baba," mdogo wangu aliandika. "Nikawaza kwamba mtu anayeshona hukaa. Nikanyoosha mkono. Wangeuliza nani anajua kupika, ningenyoosha pia."

Baba alianza kucheka polepole, kisha ikambidi aweke wembe chini. Mteja aliyekuwa kwenye kiti, ambaye ni mwoka mikate, alishika masikio yake kwa hofu.

"Kumbe anashona machela," Baba alimwambia alipopata pumzi.

"Najua," mwoka mikate alisema. "Nilizipima mimi."

Mlingoti alipewa likizo ya siku mbili kabla yeye na wenzake hawajapelekwa mbele, vitani. Aliingia ameinama, kwa mazoea ya mlango wetu, amekonda, na kwenye kidole cha shahada ana doa jeusi pale sindano ilipopita mpaka upande wa pili. Mama alikishika kile kidole akakigeuzageuza. Nilingoja alie. Aliuliza, "Ulikuwa unatazama wapi?"

"Dirishani."

"Ehe."

Kisha maswali yakaanza, na hayakuisha mpaka kesho yake. Cherehani zao zinaendeshwa kwa umeme? Basi mguu unafanya kazi gani? Ukitaka kwenda taratibu, mshono mmoja mmoja, unazuiaje? Wanapaka uzi mshumaa au nta yenyewe? Mdogo wangu alijibu moja baada ya jingine, kwanza kwa haya, kisha kwa majivuno kidogo, na alipoona Mama haamini jambo fulani kuhusu bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, alikaa kwenye cherehani yangu akamwonyesha, magoti yamegonga meza. Watu walipita barabarani wakatazama ndani. Hakuinua kichwa.

Baba alimnyoa asubuhi ya kuondoka. Alichukua muda mrefu kwa kichwa ambacho jeshi lilikuwa limeshakinyoa, nywele zenyewe hazifiki unene wa kucha. Walichosema nilisikia, kwa kuwa ubao ulikuwa vilevile.

"Unaogopa?" Baba aliuliza.

"Ndiyo."

"Karakana itakuwa nyuma, mbali na risasi?"

"Wanasema hivyo. Lakini gari za kuchukua machela zinatoka kwetu zinakwenda mpaka kulekule, na tunapeana zamu."

"Kwa hiyo utapanda na wewe."

"Nitapanda."

Nilisikia brashi ikipita shingoni, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Alipanda gari hizo miezi kumi na minne. Alirudi vita vilipokwisha, mzima, ila sikio la kushoto halisikii vizuri, kwa hiyo ukitaka kumwambia jambo la siri lazima uzunguke. Wengi hutaraji niseme amekuwa fundi cherehani. Anauza mbegu na dawa za mimea, ana duka lake, na suruali zake zikipasuka huleta kwa Mama kama mteja mwingine yeyote.

Mwaka jana, amekuja kuchukua suruali, Mama alimuuliza jambo alilokuwa amelitunza muda wote huo. "Zile machela. Uliwahi kuona mtu amelala kwenye uliyoishona wewe mwenyewe?"

Mdogo wangu alifikiri. "Zilikuwa zinafungwa kumi kumi, Mama. Hatukuandika majina. Labda nimebeba yangu, labda ya mwenzangu."

"Na hazikufumuka?"

"Nilizobeba mimi, hapana."

Mama alitikisa kichwa taratibu kukubali, akakunja suruali, akaitia kwenye mfuko. Bado alikuwa na swali jingine, nilimwona, lakini mteja aliingia.